Karatasi ya Njano ya Binti wa Fundi

Kwako Dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote, na yule mdogo anayelia kila akiniona. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi upande upande, au ule mkanda wa daktari umesaidia? Na shemeji je, amekubali kuvaa miwani au bado anasoma gazeti kwa kunyoosha mkono? Sisi huku tu wazima. Mwanangu kapandishwa cheo kazini na sasa haambiliki. Mimi mwili haunisumbui. Kichwa ndicho kimekataa kutulia, na nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu ambayo utaiona huko mbele. Halafu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza. Usibishe, nakujua.

Nadhani nilikuambia kwamba Mwalimu Mkuu amenipa kusimamia mpango mpya wa tabia njema pale shuleni. Mimi, na mdomo wangu huu! Alisema anayepiga makelele kuliko wote ndiye anayehitaji kujifunza kwanza, walimu wenzangu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Mpango wenyewe ni kwamba nidhamu isiwe tena mzigo wa mwalimu peke yake. Kila anayewaona watoto anahusika: walimu, mpishi, mlinzi, wazazi, mpaka mwenye duka lililo mbele ya geti. Wanafunzi nao wana wawakilishi wawili kwenye kamati, mmoja mrefu asiyesema na mmoja mfupi asiyenyamaza. Kila mtu mzima ana kijitabu cha karatasi za njano. Ukimwona mtoto anafanya jambo jema, unaandika jina lake, jambo lenyewe, siku na mahali, unatia saini, unatumbukiza kwenye sanduku. Ijumaa asubuhi zinasomwa mbele ya shule nzima na mzazi anaitwa kukabidhiwa. Zamani mzazi akiitwa shule alijua kuna balaa tu, sasa tukataka aitwe na kwa mema pia.

Mwanzoni niliona ni mambo ya kitoto, lakini Dada, mpango ulishika moto! Mwenye duka aliandika karatasi nne wiki ya kwanza. Mpishi si mwepesi wa kuandika, kwa hiyo anamwambia mlinzi, na mlinzi naye anatia chumvi. Mtoto aliyerudisha sahani jikoni alisomwa siku hiyo utadhani kaokoa watu kwenye nyumba inayoungua. Walimu wenzangu ndio walikuwa wavivu. Kila Alhamisi wanakaa chumba cha walimu wanatunga tunga ilimradi wafikishe idadi, na mimi niliwasimanga bila huruma. Niliwaambia anayemsifu mtoto kwa jambo ambalo hakulifanya anamkosea kuliko anayemkemea.

Sasa, kuna binti mmoja wa darasa la saba ambaye wenzake wanamwita Kimbunga, na hata sisi walimu tumeshasahau jina lake la kwenye rejista. Ni mgomvi, mchelewaji, mdomo wake haupumziki. Mama yake alishafariki. Baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, ana karakana nyuma ya soko. Kwa miaka mitatu ameitwa shuleni karibu kila mwezi. Anakuja na mikono myeusi, anasimama mlangoni na kusema samahani walimu kabla hata hajaambiwa kosa. Muhula huu binti alitia saini onyo la mwisho: kosa moja tu kubwa na anaondoka, na amebakiza miezi mitatu afanye mtihani wa kumaliza.

Ijumaa ya wiki iliyopita, katika karatasi zilizosomwa ikatoka moja ya Kimbunga. Ilikuwa ya kwanza katika maisha yake. Ilisema kwamba Alhamisi baada ya masomo alibaki peke yake chumba cha hadithi, kile wanachosomea wadogo, akafuta meza zote na kupanga vitabu bila kutumwa na mtu. Saini ilikuwa yangu. Shule nzima wakapiga makofi kama vile hawaamini. Fundi alipofika alisimama mlangoni akasema samahani walimu. Mwalimu Mkuu akamwambia leo hakuna samahani, akampa karatasi. Aliisoma, akaisoma tena, akauliza kama hakuna mtoto mwingine mwenye jina hilo. Halafu akalia, Dada. Mtu mzima, na mikono yake ile, akalia mbele ya karani wa shule.

Jumatatu asubuhi chumba cha hadithi kilipofunguliwa, maji yalitoka mpaka nje. Alhamisi mchana maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, mtu akafungua bomba la sinki la mle ndani, akaona kavu, akaliacha wazi. Mlinzi akafunga chumba saa kumi na moja bila kuingia ndani. Ijumaa hakifunguliwi. Maji yakarudi mwishoni mwa juma na kitambaa kilikuwa kimeziba tundu la sinki. Vitabu vya rafu zote za chini vilikuwa vimevimba, na ni vile wazazi na majirani walivichangia wenyewe, kila mmoja kaandika jina la mwanawe ukurasa wa kwanza. Mwenye duka alikuja kuona akashika kiuno.

Basi ikaulizwa nani alikuwa wa mwisho mle ndani siku ya Alhamisi. Hakuna aliyejua. Mpaka karani akakumbuka kwamba ipo karatasi inayosema, yenye siku na mahali na saini ya mwalimu. Kimbunga akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni ya kabati. Mwalimu Mkuu alimuuliza kwa upole kama kweli alikuwepo. Binti akaniangalia, akaangalia chini, akasema ndiyo, alikuwepo. Akaulizwa kama alifungua bomba. Akasema labda. Kamati ikapangwa Alhamisi kumjadili, na kila mtu alijua uamuzi utakuwa upi.

Dada, hapa naomba uketi kama umesimama. Kimbunga hakuwepo. Hakuna meza aliyofuta wala kitabu alichopanga. Ile karatasi niliitunga mimi, mimi niliyewasimanga wenzangu. Nilikuwa nimetengeneza jedwali la wanafunzi wote na idadi ya karatasi zao kwa ajili ya mkutano wa wazazi, na kila mmoja alikuwa na angalau moja isipokuwa yeye. Kisanduku kimoja kitupu! Unanijua nilivyo na hesabu zangu. Nikatafuta mahali pa utulivu nikae niandike, nikaingia chumba cha hadithi, na kwa kuwa sikuwa na la kusema juu yake, nikaandika nilichokiona mbele yangu: meza na vitabu. Aliyekuwa mle ndani Alhamisi ile ni mimi. Mikono ilikuwa na chaki, nikaenda kwenye sinki. Nakumbuka bomba lilikoroma likanyamaza. Kama nililifunga sikumbuki, naapa sikumbuki, nimejiuliza mpaka nimechoka. Lakini nani mwingine?

Na lililo baya kuliko hilo sijamwambia mtu. Binti aliposema alikuwepo, nilishusha pumzi. Niliona nimepona. Siku mbili nzima nilifundisha, nikanywa chai, nikasahihisha madaftari, na mtoto wa watu anasubiri kufukuzwa kwa kosa langu. Sijui ni nani aliyekuwa amevaa nguo zangu siku hizo mbili.

Jumatano nilishindwa kuvumilia. Nikamwita Kimbunga koridoni nikamuuliza kwa nini anakubali jambo analojua si kweli. Nilidhani atanipandishia sauti kama kawaida yake. Alisema polepole kwamba baba yake ameibandika ile karatasi karakana, juu ya meza ya kazi, na kila mteja anayeingia anasomewa, hata aliyefuata bawaba tu. Alisema akikana kuwepo chumbani, baba atairudisha. Habari ya kufukuzwa, alisema, baba ameshazoea kuingoja. Halafu akaniomba, tena kwa heshima ambayo sijapata kuisikia kwake, nisimwambie mtu yeyote. Kengele ikalia, akaenda darasani.

Alhamisi kamati ikakaa. Walikuwepo Mwalimu Mkuu, mpishi, mlinzi, mwenye duka, wazazi wawili, wale wanafunzi wawili, na fundi na binti yake wameketi karibu na mlango. Kabla Mwalimu Mkuu hajamaliza kusoma lile onyo la mwisho, nikasimama nikasema yote, karatasi na sinki na bomba. Lo! Mpishi alishika kichwa. Mlinzi akaanza kujitetea na hakuna aliyemgusa. Mmoja wa wazazi alisema sasa ni karatasi gani tutaiamini, wa kwake alipata tatu, nazo za kutunga? Kimbunga aliniangalia kwa chuki ambayo hajawahi kuniangalia nayo hata nilipokuwa namchapa maneno mbele ya darasa zima.

Fundi hakupandisha sauti. Alitoa ile karatasi mfukoni, kumbe aliibandua akaja nayo, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka mezani upande wangu. Halafu akaniuliza swali moja. Alisema halazimishi, anauliza tu: katika miaka mitatu niliyomfundisha binti yake, ipo siku yoyote nimemwona kwa macho yangu akifanya jambo jema, hata dogo?

Nilifungua mdomo, Dada. Nikamtafuta kichwani. Nikamwona anachelewa, anarusha chaki, anasinzia, anamjibu mwenzake vibaya. Miaka mitatu, na kila nilichokumbuka kilikuwa kwenye daftari la makosa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikasema sikumbuki. Akanishukuru kwa kusema kweli, akavaa kofia yake. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Binti hakufukuzwa. Vitabu vilivyoharibika ni juu yangu, na mpango nimekabidhi kwa mwalimu wa lugha. Nilidhani yameishia hapo, ndipo yule mwanafunzi mfupi asiyenyamaza akanyoosha mkono. Alisema utaratibu wetu ni kwamba mwanafunzi akikosa anaandika mwenyewe barua nyumbani kwao, kwa mkono wake, anaeleza alichofanya, nani ameumia na atafanya nini kurekebisha, na barua inarudi na saini ya mzazi au mlezi. Akauliza kama mwalimu hana nyumbani kwao. Mwenye duka alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu Mkuu alinitazama, nikasema wazazi wangu walishatangulia lakini nina dada. Kwa hiyo, Dada, hii ndiyo barua yenyewe, na sasa umejua kwa nini sikupiga simu.

Nilichofanya nimekueleza. Aliyeumia nimekueleza. Nitafanya nini kurekebisha, hapo ndipo nimekwama tangu jana. Ijumaa nzima nilimfuata Kimbunga kwa macho kama askari, nikitafuta jambo moja jema la kumpelekea baba yake. Alimzaba mtu kofi. Alimzomea mpishi. Kwenye somo langu alilala. Narudi nyumbani nimenuna, ndipo nikiwa naosha vyombo ikanijia kwamba jibu la fundi nilikuwa nalo siku nzima ya kamati na sikulitoa. Mtoto alikuwa tayari kuacha shule miezi mitatu kabla ya mtihani ili baba yake asibandue karatasi ukutani. Nimeliona hilo kwa macho yangu na kulisikia kwa masikio yangu, koridoni, Jumatano.

Lakini nitaliandikaje? Nikisema, nitakuwa namsifu mtoto kwa kudanganya kamati. Tena aliniomba nisimwambie mtu, na nimeshamvunjia ombi hilo nusu. Nisiposema, yule baba atakufa akiamini kwamba mwalimu aliyekaa na mwanawe miaka mitatu hakuona kitu. Nimeandika na kukata karatasi tano. Kesho nitakwenda karakana, bila karatasi ya njano, nimwambie kwa mdomo, binti akiwepo anisikie na akitaka anizomee. Sijui kama ninafanya vema au naongeza fujo juu ya fujo. Wewe ungefanyaje?

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto, huyo mdogo umbusu mara mbili maana mimi hanikubali. Angalia goti, usibebe ndoo. Na tafadhali usinijibu kwa hasira kabla hujaisoma mara ya pili.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
Mwalimu wa Hesabu

Nimeisoma barua hii na nimeyaelewa yaliyomo.
Saini ya mzazi au mlezi: ..............................