Mimea Inayokula Nzi ya Zuleha

Mbekenyera, 9 Juni 2024

Kaka Lukumani,

Shikamoo. Hamjambo huko Nachingwea? Wifi Sabaha na watoto je? Simu sina, mume wangu Awadhi kaipigiza ukutani, eti naongea na wanaume. Barua nampa dereva wa Hiace.

Ile mimea uliyonichimbia bondeni Chiola imekuwa myekundu, majani yamejaa matone ya gundi, nzi akitua tu kwisha habari yake! Ila miwili inageuka myeusi. Niliitilia samadi kidogo. Nimekosea nini? Awadhi anaiita uchawi. Juzi kanichapa mkanda mbele ya mama yake. Mgongo bado unauma.

Mdogo wako,
Zuleha

Nachingwea, 15 Juni 2024

Mdogo wangu Zuleha,

Marahaba. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Samadi! We mwanamke, unataka kuiua? Ile imezoea udongo wa njaa, chakula chake ni nzi. Ihamishie kwenye mchanga mtupu. Maji ya kisima yana chumvi, tumia ya mvua uliyokinga masika. Kopo likae kwenye sahani ya maji, dirishani penye jua. Jani likikatika usitupe, liache lielee kwenye maji ya mvua, litachipua.

Awadhi mvumilie. Ni hasira za msimu wa korosho tu.

Kaka yako,
Lukumani

Mbekenyera, 1 Julai 2024

Kaka, shikamoo. Habari za afya yangu ndizo hizi.

Jana Awadhi alitoka kupulizia mikorosho unga wa salfa, bomba bado linanguruma mgongoni. Akaligeuzia dirishani kwangu. Mimea yote ikawa ya njano. Nikamfokea. Akanibana ukutani kwa goti, akanipulizia usoni mpaka salfa ikajaa machoni na kooni. Nilitapika damu. Jicho la kushoto halioni. Anayeandika hapa ni jirani yangu Zulfa.

Njoo unichukue. Ataniua huyu.

Mdogo wako,
Zuleha

Nachingwea, 6 Julai 2024

Mdogo wangu,

Pole sana. Wifi yako amelia. Majani yasuuze taratibu kwa maji ya mvua, usiyasugue. Mimea ikifa, nitakuchimbia mingine. Jicho lioshe kwa maziwa.

Kukuchukua bila kikao cha wazee siwezi, tutaonekana sisi ndio tumevunja ndoa. Kikao ni Ijumaa ijayo, nitakuwepo. Tulia hapo hapo.

Kaka yako,
Lukumani

Ruangwa, 20 Julai 2024

Kaka Lukumani,

Kikao chenu kilimtoza Awadhi mbuzi. Mkala pilau, mkapanda bodaboda. Vumbi lenu halijatulia akashika panga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto sina. Nilimpiga mchi wa kichwa mpaka akaanguka, na alipoanguka niliendelea. Hajafa. Yuko wodi ya wanaume, mimi ya wanawake, askari amekaa katikati, sijui anamlinda nani.

Nesi ananiambia uko getini na chupa ya chai tangu asubuhi. Nimemwambia asikuruhusu, akupe barua hii tu. Nilikuandikia mgongo, ukanijibu samadi. Nilikuandikia jicho, ukanijibu majani. Hata mara moja, Kaka, hukuniuliza naumwa wapi.

Chai mpe askari. Nikitoka hapa naenda kwa Zulfa, Nachingwea siji.

Zuleha