Salama ya Tatu

Baba yangu,

Hujambo? Nakuandikia nikiwa mjini Mkoani, kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni ya Bi Salma, na mguu unanicheza chini ya meza kama kawaida yangu. Mbele yangu kompyuta yake inatafuta picha nilizozifuta mimi mwenyewe. Asubuhi ilikuwa asilimia kumi, sasa adhuhuri imeadhiniwa na iko arubaini na moja. Nimeshainuka sijui mara ngapi kwenda mlangoni na kurudi. Ungekuwapo ungeniambia, "Kaa, Raya."

Unakumbuka kibaraza chetu Mtambile, ulipokuwa ukitengeneza redio? Mtu huja na redio yake kwapani, nawe humuulizi imeharibika nini. Unamuuliza hali. Salama. Unamuulizia watoto. Salama. Mimi nimeshika bisibisi, sina subira. Unamuuliza hali tena, taratibu, na hapo ndipo anaposema kuwa redio ilitumbukia kwenye ndoo siku aliyogombana na mkewe. Ulinigeukia ukaniambia kuwa salama ya kwanza ni adabu, na ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo hali yenyewe. Nilicheka. Niliona unapoteza wakati tu.

Siku hizi nahudumia kompyuta za maduka na maofisi, leo Wete, kesho Chake, keshokutwa huku. Simu moja iko sikioni, ya pili inaita mkobani. Wateja wangu ni wale wale wako, Baba, hawajabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni fundi.

Juzi nilikuja kuishughulikia kompyuta ya Bi Salma, ilikuwa nzito mno kufanya kazi. Nikamuuliza, nimesimama, kama kuna kitu humu cha kuhifadhi. "Hamna kitu, mwanangu, weye fanya kazi yako," akasema. Aliniona nina haraka, hakutaka kunisumbua. Nikaifuta yote, nikaiwekea programu mpya, nikaondoka hata chai yake sikuigusa. Jana alinipigia simu. Akaniuliza hali, akamuulizia mama, akaniuliza hali tena, kisha akauliza kwa upole picha za marehemu mumewe zimekwenda wapi. Hana nyingine.

Na nikamdanganya. Nilimwambia kompyuta itazitafuta, kama vile zimejificha zenyewe.

Lakini si Bi Salma tu anayenitoa jasho hapa. Ni simu yako ya asubuhi ile, na unajua ni ipi. Nilikuwa chini ya meza ya mteja, nyaya mkononi. Nikakuuliza, "Baba, hujambo?" Ukasema, "Sijambo, mwanangu." Nikasema nitakupigia baadaye, nikakata. Kabla ya alasiri jirani akanipigia kuniambia umeshafariki. Tangu hapo sijui kukaa. Kabla ya hapo hukuwahi kunipigia asubuhi, Baba, hata siku moja, na mimi nikaipokea salama ya kwanza kama mtu asiyelelewa na wewe. Nina hasira na wewe pia, kwa kuwa na adabu hata siku ile.

Nilikuwa nimefika hapo katika barua Bi Salma alipokuja na chai. "Raya, mwanangu, hujambo?" Sijambo ilishafika mdomoni.

"Si salama, Bi Salma," nikasema. "Picha za mumeo nimezifuta miye. Huenda zisirudi zote."

Akaiweka chai, akavuta kiti, akaitazama ile kompyuta kwa muda mrefu. Nilingoja anifukuze.

"Kunywa chai kwanza," akasema. Kisha akauliza, "Na jengine?"

Nikamwambia habari zako. Nililia mbele ya mteja, Baba, na chai ikapoa.

Sasa iko asilimia sitini. Zimerudi picha tatu, katika moja mumewe amesimama mlangoni hapa hapa, anacheka na mtu asiyeonekana. Bi Salma amesogeza kiti chake karibu na changu. Zilizobaki hatujui, tunangoja.

Siku ile nilikuuliza mara moja nikakata. Ya pili nimekuuliza pale juu, nilipoanza barua, nikaendelea na habari zangu bila kungoja. Sasa simu zote mbili nimezizima na mguu umetulia. Hii ni ya tatu.

Baba, hujambo?

Nakuombea kwa Mola kila nikaapo,
Kitindamimba wako, Raya