Siku Tuliyopimana Figo

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Wifi hajambo? Na yule mchanga ameshaota meno, au bado anawatafuna kwa ufizi? Mimi ni mzima, tena nina furaha isiyonipa utulivu, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Nilikueleza kwamba shirika la madaktari wa figo wa nchi mbalimbali limeiunganisha hospitali yetu na hospitali kubwa ya ng'ambo. Basi mwalimu wao wa kwanza amefika! Tulidhani ataleta mashine za kusafisha damu. Mganga mkuu alikwisha kukipaka rangi chumba cha kuziweka. Kumbe mwalimu mwenyewe, mama mmoja, akashuka garini na boksi la vijiti vya kupimia mkojo. Muuguzi mkuu akaninong'oneza kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu katuletea njiti za kiberiti.

Mwalimu aliusikia mnong'ono, na alipotafsiriwa maneno hayo alicheka sana. Akasema mashine zitakuja, ila anayefika kwenye mashine amechelewa. Figo huugua kimyakimya kwa miaka, na kijiti hugundua kabla mwenyewe hajahisi kitu. Nikamkumbuka Baba, aliyekubali kupimwa figo wakati miguu imekwisha kuvimba.

Kisha akatugawia vikombe. Kwake hakuna anayempima mgonjwa kabla hajajipima mwenyewe. Zogo likazuka! Mfamasia akadai amebanwa na kazi, siyo mkojo. Muuguzi mkuu akamwuliza kama anaogopa kikombe kitamwonea haya. Tukaenda mmoja mmoja, tukicheka kama wanafunzi. Vijiti vyote vikabaki vya manjano. Kimoja tu kikageuka kijani.

Kaka, kilikuwa changu.

Usishtuke. Tumerudia kipimo, na damu pia tumepima. Figo zangu zinavujisha protini, lakini bado zinafanya kazi vizuri. Dawa nimeanza, chumvi nimepunguza. Nilijifungia nikalia, kisha nikajikuta nacheka peke yangu: tumeukuta ugonjwa ungali mchanga! Baba hakuipata bahati hii.

Mwalimu akaniuliza kama nina ndugu wa damu. Nikamjibu ninaye mmoja, mbishi, anayeogopa hospitali kuliko radi. Ugonjwa huu huweza kutembea katika ukoo, nasi watoto wa Baba tumebaki wawili tu. Kwa hiyo nakungoja Jumamosi asubuhi, nitakupima mwenyewe. Usipokuja, nitakufuata huko huko na kikombe mkononi, nikukabidhi mbele ya wakwe zako.

Nibusie watoto, na umwambie wifi kwamba akikuburuta hadi hospitali, nipo upande wake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba