Plagi Niliyomfungia Wekesa

Sasa, Barasa mjukuu wangu,

Hapa Kibera hakuna fundi wa mashine za kukata nyasi anayenishinda. Haya, huo ni uongo. Nyanyako amechungulia akacheka hadi akakohoa. Yeye mzima, ni magoti tu yanamgomea.

Unauliza utajuaje plagi, ile ya kuwasha moto ndani ya injini, inayofaa mashine yako. Rafiki yangu Wekesa, tukiwa vijana Kawangware, aliuza ng'ombe wake wa pekee huko kwao Bungoma, akanunua mashine kama hiyo. Plagi ilipokufa, nikajitia fundi. Nilileta nyingine, ikaingia sawasawa.

"Umeilinganisha na ya zamani?" akauliza.

"Wee Wekesa, mimi ni wa kuulizwa?"

Alivuta kamba mara moja tu. Plagi ilikuwa ndefu kupita kiasi, pistoni ikaigonga, injini ikaharibika kabisa. Hakunitukana, heri angenitukana. Aliifunga mashine kwa gunia akarudi kwao. Kila mwaka nilisema nitaenda nimwombe msamaha, hadi wakamzika. Sasa nimwombe nani?

Wewe weka plagi zote mbili kiganjani, ulinganishe urefu wa ile sehemu yenye meno inayoingia kwenye injini. Na ukiulizwa, usijibu kama babu yako.

Nyanyako ametoka, kwa hivyo nikukumbushe: ulipoivunja redio yake, mimi ndiye niliyesingizia paka. Sasa ni zamu yako kunilipa. Uko hukohuko Bungoma, pita kwa kina Wekesa umkatie nyasi kaburini. Hatasikia, najua. Kata tu, na ukiulizwa umetumwa na nani, nitaje.

Babu yako