Siku Farasi wa Chuma Alipoamka

Gourcy, Burkina Faso
12 Januari

Mpendwa Kaka Noaga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji Odile hajambo? Na mtoto Yamba, kile kikohozi kimekwisha? Huku upepo wa jangwani umetukausha midomo, lakini tunapumua. Mama anakula kidogo. Hasemi. Tangu nimalize shule nashinda naye.

Habari ya Baba najua imeshakufikia. Hii ni nyingine, na naona haya kuiandika, ila Shangazi Tempoko anakuja kwako wiki ijayo, nami nataka uisikie kwangu kwanza.

Baba alikata roho zahanatini Jumanne asubuhi. Simu huku ni bubu tangu minara ilipochomwa, kwa hiyo nilichukua baiskeli yake nimpelekee Shangazi habari, kilomita ishirini na nane. Mwanzoni nililia hata njia sikuiona. Miguu ilikuwa mizito kama nimefungwa mawe.

Unakumbuka alivyotuambia alipotufundisha kuendesha? Sisi tunaiita farasi wa chuma, naye alisema kila farasi huanza safari amelala. Usishuke, kanyaga tu, ataamka. Kaka, nilipopita bwawa aliamka. Pumzi ikafunguka, miguu ikawa kama si yangu, utamu ukanipanda kifuani mpaka kichwani. Sikuwa nimesahau kwamba Baba amekufa. Nilijua, na bado ilikuwa tamu.

Nikafika hivyo hivyo. Mzee Toé, yule jirani Msamo, mtani wetu, ndiye aliyeniona kwanza. "We mtumwa wangu! Meno yote nje, jua halikuunguzi fizi?"

Shangazi akatoka mbio. "Usiniambie, uso umeshasema! Kaka yangu amepona!" Akanipa kibuyu cha maji ya unga wa mtama, na unajua mgeni haulizwi habari wala hasemi kabla hajanywa. Mwingine angekiweka chini aseme. Mimi sikuthubutu. Nilikunywa. Nilipokishusha, kuku wa shukrani alikuwa ameshachinjwa.

Ndipo nikasema.

Shangazi hakulia. "Umeibeba maiti ya kaka yangu huku unacheka." Tangu siku hiyo hapokei salamu yangu.

Matanga makubwa ni mwezi wa tatu. Baba mwenyewe alisema mimi ndiye nivae nguo zake siku hiyo na kuuiga mwendo wake, watu wamwone mara ya mwisho. Shangazi hataki. Anakuja kukuomba wewe, mrithi, umpe binti yake kazi hiyo. Neno lako ndilo litakaloamua.

Sijui kujitetea mbele ya watu, unanijua. Nakuomba kitu kimoja: ukumbuke Baba alivyokuwa akiingia uani kutoka sokoni, shati limelowa jasho, hata kabla hajashuka kwenye baiskeli. Atakayemwiga sawasawa itambidi afike akitabasamu.

Nisalimie Shemeji, na umshike Yamba kichwa kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, ingawa hajatamka. Mungu awafunike huko ugenini, na njia ikurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
mdogo wako Talato