Mgongo wa Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Andongwisye amerudi mazoezini akipiga mluzi. Mluzi! Mwanaume ambaye tangu anyanyue vibaya gunia la kakao mwaka jana hajainama kufunga kamba ya kiatu bila kuguna. Kila jioni ni mimi niliyemsugua dawa. Mimi! Leo nimemletea kopo la dawa, akasema usijisumbue, mama Lugano, mgongo umekaa sawa. Eti ni dambeli za Kisa, mwalimu wake wa mazoezi. Zege ndani ya makopo ya maziwa, bomba katikati — ndicho kilichonishinda?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kujionea. Kisa ni binti wa miaka thelathini hivi, mtaalamu wa viungo, anafundishia kwenye banda nyuma ya mashine ya mpunga hapa Kyela mjini. Mume wangu kaegemeza mkono na goti kwenye benchi, mgongo bapa kama meza, anavuta dambeli kutoka chini hadi kiunoni. Na Kisa kamwekea kiganja katikati ya makombe ya mabega! "Vuta kwa hapa, baba. Mkono ni ndoano tu." Alipomaliza, mzee akasema, "Ndaga fijo!" Asante sana — kwa lugha ya mama yake, na tabasamu juu. Mimi, mwaka mzima wa kusugua, nimeambulia "mh".

Nikauliza mbele ya watu zoezi hili linaitwaje. Kupiga kasia, akasema Kisa. Nikawaka! Huku Ziwa Nyasa tunatumia kafi, kasia fupi la mkononi, na mpiga kafi wa Matema hukaa wima, hainami kama anayetafuta sindano. Nimeshamnyamazisha mchungaji kwenye mdahalo wa redio, sembuse huyu. Kisa akacheka. "Kweli kabisa, mama. Kuanzia leo tunaliita kafi." Wote wakapiga makofi.

Nimeshinda. Sijawahi kuchukia ushindi hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa nyumbani ni kafi, kafi, kafi. Neno langu! Wanalitumia wao wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Tusekile jirani, sokoni, kwa sauti ya juu: shoga, mumeo kanyooka kama mwanzi, mfunge kamba asije akaibiwa. Nikamjibu kuwa mume si mbuzi. Hoja nzuri. Haikunisaidia njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nikajificha chumbani na dambeli aliyokuja nayo mzee kutoka mazoezini. Nikainama, mkono kitandani, nikavuta. Bega likalia. Nikageuka — mzee kasimama mlangoni, ananitazama. Nilitegemea acheke. Akasema taratibu, unavuta kwa hasira. Akaniwekea kiganja mgongoni. Palepale. Kisa kamfundisha pa kuweka! Nilitaka kumwambia autoe mkono wake. Nikavuta tena. Na tena. Akauliza mbona leo sisemi kitu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kuniuliza hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Anataka twende wote mazoezini. Nisipokwenda, atakwenda peke yake. Nikienda, nitainama mbele ya yule binti na kumwita mwalimu. Nje bajaji inaunguruma. Namsikia mzee anamwambia dereva asubiri kidogo, mama bado anabishana na viatu.

Mjinga huyu! Kimoja nimeshavaa —