Kona ya Tangi la Maji

Jumamosi, 15 Machi 2025

Wamefungua geti la kambi ya jeshi! Miaka thelathini na moja nimeishi mtaa huu wa Mbotela nikiuona ule ukuta kwa nje tu. Leo chifu ametuingiza mwenyewe. Jeshi limehama, akasema, hapa patajengwa zahanati, soko, na shule ya chekechea kule kona ya tangi la maji.

Sikumsikia vizuri, nilikuwa naangalia nyasi. Weh! Uwanja mpana hivyo — na anga! Sikujua tuna anga kubwa hivi huku kwetu. Jirani yangu Shiro alivua viatu akatembea peku, anacheka na machozi yanamtoka.

Mume wangu, Baba Ngui, alikataa kuja. Alifanya kazi stoo ya jeshi humo humo, miaka kumi na tisa. Ukimuuliza kulikuwa na nini, jibu ni lile lile: ya kambi hubaki kambini.

Jumanne, 18 Machi

Mvua iko karibu, wajenzi hawajulikani watakuja lini, na ardhi imelala tu! Kufika saa nne kila mama amejikatia kipande. Shiro akaniambia niache kuzubaa, sukuma wiki haijipandi yenyewe. Nimechukua kona ya tangi. Udongo mweusi, laini, unanukia. Nimelima hadi mgongo ukakataa. Sijashika jembe tangu niolewe. Furaha!

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi shambani. Shamba langu! Hata kulitaja naona aibu kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Mchana Baba Ngui aliona udongo kwenye viatu vyangu. Akauliza nalima upande gani. Kona ya tangi, nikasema, nimebakisha kidogo tu, hata jembe nimeliacha limesimama pale pale. Akaweka kijiko chini. Akasema nisirudi huko.

Nikawaka! Miaka yote kimya, nikamwambia, sasa hata sukuma ni siri ya serikali? Na pale patajengwa shule!

Shule gani, akauliza.

Ya watoto wadogo, nikasema. Akaenda kukaa kitandani, mchana kweupe, amenipa mgongo. Githeri ikapoa kwenye sahani yake.

Ijumaa, 21 Machi

Ameamka akanyoa ndevu, akapiga buti rangi, tukaenda kwa chifu. Akasema yote mbele yangu. Mwaka themanini na nane waliamriwa kuzika makombora mabovu pale kona. Walikuwa wanne. Wakaapa kutosema. Amebaki hai yeye peke yake.

Sauti haikutetemeka. Siku mbili nimepiga jembe juu ya mabomu! Mungu wangu. Na huyu mtu nimelala naye miaka thelathini na moja.

Jumamosi, 22 Machi

Niko nje ya geti, naandika nyuma ya daftari langu la ushonaji, la vipimo vya nguo. Mtaa mzima uko hapa na hakuna anayeongea, hata Shiro. Wanajeshi wa mabomu wamekuja, vijana tu, hawana ramani. Ramani ni Baba Ngui. Nilimwambia awaelekeze kwa mdomo. Akasema miguu ndiyo inayokumbuka: shimo liko hatua kumi na saba kutoka pembe ya ukuta. Akanipa saa yake nimshikie.

Anatembea, wao nyuma yake. Ni mume wangu yule? Mbona mrefu hivyo! Anahesabu kwa sauti, inafika mpaka huku.

Kumi na nne. Kumi na tano.

Kumi na sita. Amesimama. Jembe langu liko mbele yake, hatua moja.